Chupa 36: Nilivyojifunza Kutunza Mvinyo wa Nchi ya Baridi Hapa Malindi

Baba yangu ni mgema. Nimekua nikimwona akipanda minazi yetu kule Ganda asubuhi na jioni, kotama kiunoni na kibuyu kikining'inia begani, na kabla sijajua kusoma nilikuwa nikitambua kwa harufu tu mnazi uliogemwa leo na ule uliolala. Kwa hivyo nilipokabidhiwa funguo za stoo ya vinywaji katika hoteli ndogo ya ufukweni hapa Malindi, niliona nimepewa kazi ya nyumbani kwetu. Mwanzoni mwa Desemba 2024 nikapokea makasha kumi ya mvinyo mweupe kutoka Ujerumani, chupa 60. Kufikia mwisho wa Februari, chupa 36 kati ya hizo zilikuwa zimeharibika mikononi mwangu.

Nawaandikia wenzangu wa stoo, baa na mikahawa hapa Pwani. Sikuibiwa wala sikuwa mlevi kazini. Niliharibu kwa kutojua, na hakuna aliyekuwa amenieleza.

Hoteli yetu ilizoea mvinyo wa Kitaliano, kama hoteli nyingi za Malindi, maana Waitaliano ndio wageni na wakazi wetu wa miaka mingi. Mvinyo huo ulikuwa ukiingia Jumatatu, Jumapili umekwisha. Ubaya wa stoo yetu haukuwahi kuonekana kwa sababu hakuna chupa iliyokaa humo muda wa kutosha kudhurika. Safari hii mwenye hoteli alikuwa akitarajia kundi la Wajerumani kwa ajili ya Krismasi, akaagiza Riesling. Hiyo ni zabibu nyeupe, na hii yetu ilitoka bonde la mto Mosel, magharibi mwa Ujerumani. Chupa zake ni ndefu, nyembamba, za kijani, na mabega yake yameteremka kama ya mtu aliyechoka. Kila moja ilinunuliwa kwa shilingi 2,800.

Pikapu iliondoka Mombasa mchana. Ni kilomita 120 hivi, lakini ukijumlisha foleni ya Mtwapa na mapumziko ya dereva Kilifi, makasha yalifika saa kumi alasiri yakiwa yamefunikwa turubai jeusi lililokuwa likiungua. Nilipotoa chupa ya kwanza ilikuwa na uvuguvugu wa maji ya kuogea. Chupa nne vizibo vyake vilikuwa vimepanda juu kidogo, na shingoni kulikuwa na unyevu wa kunata. Nikachukua kitambaa, nikazipangusa moja moja, nikazipanga pamoja na nzima.

Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Kinywaji kikipata joto hutanuka, na kwa kuwa chupa haitanuki, kinachosogea ni kizibo. Kikishasogea, hewa imepata njia. Chupa nne zile nilipaswa kuziweka kando, kuzipiga picha na kuandika kwenye hati ya mapokezi kabla sijatia sahihi. Nilitia sahihi kwamba nimepokea chupa 60 zikiwa salama, na karatasi ile ndiyo iliyokuja kunifunga mdomo baadaye. Mwenzangu, ukipokea mzigo wa mvinyo, shika chupa kwa kiganja kabla ya kushika kalamu.

Stoo yenyewe ilikuwa chumba cha mabati kilichoegemezwa kwenye ukuta wa jiko. Ndani yake mlikuwa na friza kubwa ya nyama, na kwa nyuma mota yake ilitema hewa ya moto usiku na mchana. Rafu iliyokuwa wazi ilikuwa ile iliyo mkabala na mota. Nikazipanga hapo wima kama soda.

Kisha nikasoma lebo, nikaona asilimia 8 ya pombe. Mvinyo wa Kitaliano niliouzoea ulikuwa na 12 au 13. Nikawaambia wahudumu kwamba huu ni dhaifu, wauchukulie kama juisi. Nasikitika hata kuandika sentensi hiyo. Usiku wa Krismasi mgeni aliagiza mvinyo mkavu, yaani usio na utamu, wa kula na samaki changu wa kuchoma, mhudumu akampelekea ule, na mgeni akaurudisha kwa sababu ulikuwa mtamu.

Januari ikaja shida ya chembe. Nilikuwa nimeweka chupa sita kwenye friji ya baa. Siku ya nne hivi mhudumu akaja mbio na glasi mkononi: chini kulikuwa na vipande vidogo vyeupe vinavyong'aa. Tukatazama chupa nyingine dhidi ya taa, nazo zina vivyo hivyo. Nikafikiri ni vigae vya chupa. Moyo ulinienda mbio nikifikiria mgeni aliyemeza kioo akiwa hospitalini. Nikamwaga chupa zote sita kwenye sinki, nikajisifu kwamba nimeokoa hoteli. Shilingi 16,800 zilikwenda na maji, na mvinyo ule haukuwa na kasoro yoyote. Nitaeleza.

Mbili nilizipasua mwenyewe. Wageni walikuwa wengi, friji imejaa, nikazitia kwenye friza ya nyama ili zipoe upesi, kisha nikaitwa mapokezi. Nilipozikumbuka ilikuwa asubuhi. Moja ilikuwa imepasuka tumboni, na nyingine ilikuwa imesukuma kizibo nje na barafu ya rangi ya majani makavu imechomoza shingoni. Mvinyo wenye pombe kidogo namna ile huanza kuganda ukifika nyuzi nne au tano hivi chini ya sifuri, na friza ya nyama huwa nyuzi 18 chini ya sifuri.

Zilizobaki zilikuwa zikifa kimyakimya kwenye rafu. Februari ni mwezi mkali hapa kwetu. Kaskazi inavuma lakini haipoozi kitu, na mabati hayana huruma. Wageni wakaanza kurudisha chupa: huu una harufu ya tofaa lililochemshwa, huu umechoka, huu umekuwa kama asali iliyoungua. Kufikia mwisho wa mwezi, chupa 24 zilikuwa zimerudishwa au zimekataliwa. Hesabu ni hii: nne zilizovuja, sita nilizomwaga, mbili za friza, na hizo 24.

Thamani yake ilikuwa shilingi 100,800. Mwenye hoteli akaamua nilipe theluthi, shilingi 33,600, kwa makato ya 5,600 kila mwezi kwa miezi sita. Mshahara wangu ulikuwa 24,000. Nilikubali nikiwa nimeinamisha kichwa, kwa aibu. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kutokana na kosa la makusudi la mfanyakazi, na kwamba makato yote kwa pamoja hayapaswi kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Kutojua si makusudi. Huenda ningezungumza naye tukafika pengine. Sikuzungumza. Karo ya muhula ule nilikopa kwenye chama cha mke wangu, na baba sikumwambia kitu.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja wa miaka sabini na kitu, mgeni wetu wa kila mwaka, anayekuja mwishoni mwa Januari na kuondoka Machi. Yeye na marehemu mumewe walilima Riesling katika bonde hilohilo la Mosel kwa zaidi ya miaka arobaini, kabla ya kumwachia binti yao shamba. Usiku wake wa kwanza aliagiza chupa kwa furaha ya kuona lebo ya kijiji cha jirani. Akanusa, akaonja kidogo, akaiweka glasi chini taratibu. Hakulalamika. Aliniuliza tu, kwa Kiingereza kilichochanganyika na Kijerumani changu cha hotelini, chupa hii ilikuwa ikilala wapi.

Kesho yake saa nane mchana nikampeleka stoo. Aligusa ukuta, akagusa mgongo wa friza, akagusa chupa. Kisha akarudi chumbani kwake akaleta saa yake ndogo ya safari yenye kipimajoto, akaiweka kwenye rafu, tukasimama tukingoja. Ilipanda mpaka 34. Nyumbani kwake, alisema, chupa hizi hulala kwenye handaki chini ya nyumba, nyuzi kumi mpaka kumi na tatu, mwaka mzima. Niliona macho yake yana huzuni, kama mtu aliyeonyeshwa mbuzi wake aliyefungwa juani bila maji.

Jioni ile ndipo darasa lilipoanza, na liliendelea karibu kila jioni kwa wiki tano. Sehemu ya zamani ya hoteli imejengwa kwa mawe ya matumbawe. Saa tatu usiku, jua limezama zamani, aliniambia niweke kiganja kwenye ukuta wa upande wa magharibi, ule unaopigwa na jua la alasiri. Ulikuwa bado na joto. Nilisikia joto lile likitoka jiweni na kuingia mkononi mwangu huku upepo wa bahari ukinipiga usoni. "Sasa fikiria mlima mzima uko hivi," akasema.

Malindi iko nyuzi tatu kusini mwa ikweta. Mosel iko karibu na nyuzi 50 kaskazini, ambako jua ni kitu cha kuwindwa. Watu wa huko hupanda mizabibu kwenye miteremko mikali inayotazama kusini, ili mwale wa jua uipige ardhi sawasawa. Udongo wake ni sleti, jiwe la kijivu-buluu linalobanduka tabaka kwa tabaka, ambalo hunywa joto mchana na kulirudisha usiku, kama ukuta wetu. Mto ulio chini nao hurudisha mwanga juu. Kuna mteremko mmoja uitwao Calmont, karibu na kijiji cha Bremm, unaofikia nyuzi 65 hivi za mwinamo. Huo si mlima wa kulima kwa trekta. Mizabibu mingi ya kimila hufungwa kila mmoja kwenye kiguzo chake, matawi mawili yakipindwa kama umbo la moyo, na kwenye miteremko ya namna hiyo hekta moja huweza kula zaidi ya saa 1,000 za kazi ya mikono kwa mwaka. Mama alinionyesha magoti yake. Sikuhitaji maelezo zaidi. Magoti ya baba yangu nayajua.

Nilimuuliza kwa nini wajitese hivyo wakati kuna nchi zenye jua la bure. Jibu lake ndilo lililonifanya nielewe kosa langu lote. Chukua embe. Bichi ni kali mpaka meno yanauma, ndiyo maana tunalila kwa chumvi na pilipili. Likiivia kwenye joto letu, ukali unaondoka, unabaki utamu. Zabibu ni vivyo hivyo: katika joto, hasa joto la usiku, tunda huiteketeza asidi yake yenyewe. Kwenye baridi haliiteketezi haraka. Riesling huchanua karibu na Juni na kuchumwa Oktoba, mara nyingine mpaka Novemba. Inaiva polepole mno, utamu unaingia huku ukali haujaondoka, na harufu zinapata muda wa kujengeka. Kinywaji hiki ni baridi iliyotiwa kwenye chupa. Kukiweka mbele ya mota ya friza ni kuibomoa kwa wiki sita kazi iliyochukua miezi.

Baridi hiyohiyo ni adui pia. Aprili 2024, siku chache tu baada ya mizabibu kuchipua, usiku wa barafu uliunguza machipukizi katika sehemu nyingi za Mosel, na binti yake alipoteza sehemu kubwa ya mavuno kabla ya maua. Tena kuna watu wanaoacha zabibu mtini kwa makusudi mpaka zigande zenyewe, nyuzi saba au zaidi chini ya sifuri, wazichume gizani na kuzikamua zikiwa barafu, ili maji yabaki kwenye kamulio na utamu tu utiririke. Huo huitwa Eiswein, mvinyo wa barafu. Nilimwomba anirudie maelezo mara mbili.

Kuhusu utengenezaji nitasema yale yaliyonisaidia kazini. Zabibu nyeupe hukamuliwa upesi na kwa upole, maji yake huachwa yatulie usiku kucha ili taka zizame, kisha chachu huanza kula sukari na kuzaa pombe. Handaki ni la baridi, kwa hivyo kazi ambayo kwenye mnazi humalizika kwa saa chache, huko huchukua wiki, hata miezi. Wengine hutumia matangi ya chuma, wengine mapipa ya mti ya zamani ya lita 1,000 hivi wanayoyaita Fuder. Kila gramu 17 hivi za sukari katika lita moja huzaa asilimia moja ya pombe. Tuseme maji ya zabibu yalikuwa na gramu 190 kwa lita. Mtengenezaji akiipoza tangi na kuizuia chachu pombe ikiwa asilimia 8, zimeliwa gramu 136, zimebaki 54. Utamu huo hauchoshi kinywa kwa sababu ukali wa asidi unausimamia. Kumbe ile 8 niliyoidharau haikuwa udhaifu. Mtu aliisimamisha pale kwa kukusudia.

Basi ukiona kwenye lebo neno Trocken, huo ni mkavu, sukari isiyozidi gramu 9 kwa lita. Kabinett na Spätlese hueleza zabibu zilikuwa zimeiva kiasi gani zilipochumwa, hazikuambii peke yake kama mvinyo ni mtamu. Tazama asilimia ya pombe: Riesling ya Mosel yenye 8 karibu kila mara ina utamu, na yenye 12 karibu kila mara ni kavu. Kanuni hiyo ndogo imeniokoa mezani mara nyingi kuliko kitu kingine chochote nilichojifunza.

Na zile chembe nilizozimwaga? Ni chumvi ya asidi ya zabibu yenyewe. Mvinyo wenye asidi nyingi ukipozwa sana, asidi hiyo hushikana na potasiamu na kuzama kama chembe za sukari. Wajerumani huiita jiwe la mvinyo. Haidhuru mtu. Ukiwa na shaka, usibonyeze kwa vidole: mimina chembe kwenye kikombe cha maji yanayochemka, ukoroge. Jiwe la mvinyo huyeyuka, kioo hakiyeyuki. Halafu simamisha chupa wima kwa saa kadhaa na umimine taratibu, uache kidogo chini. Nilipomwambia mama kwamba nilimwaga sita, alinishika mkono na kuukaza, akanyamaza.

Jumapili moja yule mama mgeni aliomba kumwona mgema. Tukachukua tuktuk mpaka Ganda. Baba alimletea kigoda chini ya mwembe, akapanda, akashuka na kibuyu cha asubuhi. Povu lilikuwa likipanda na kushuka mdomoni mwake kama kitu kinachopumua. Mama akaweka sikio karibu, akasikiliza, akasema hiyo ndiyo sauti ya handaki lao mwezi wa Oktoba. Akaonja kwa mrija, macho amefumba. Akauliza baba anaizuiaje isiendelee.

"Haizuiliki, bibi," baba akamjibu, nami nikawa natafsiri. "Alfajiri ni tamu, adhuhuri imeanza kuwaka, ikilala ni siki. Mimi huuza kabla ya jua kuinama."

Mama akaeleza kwamba wao huizuia kwa baridi. Baba akafikiri, akanigeukia. "Mwanangu, muulize bibi. Huo mvinyo wao uliozuiwa kwa baridi, ukitolewa kwenye baridi inakuwaje?"

Sikutafsiri. Nilimjibu mwenyewe, na nilipoanza kujibu yakatoka yote: pikapu, mabati, chembe, friza, makato, mkopo wa karo. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Hakunikaripia. Aliniuliza kwa nini sikumuuliza mtu kabla ya kuzipanga, nikasema niliogopa kuonekana sijui. Akaenda akafunika kibuyu kwa jani la mgomba, akakihamishia kivulini.

Mambo tuliyobadilisha si ya gharama kubwa. Kipimajoto cha ukutani, shilingi 850, nilinunua kwa pesa yangu. Mvinyo ukahamia kwenye chumba cha ndani cha upande wa matumbawe, kisicho na dirisha la jua, ambacho mchana hakizidi 27. Hizo bado ni nyingi kwa Riesling, basi kwa ajili yake hoteli ilikarabati friji kuukuu ya vioo kwa 18,000, tukaifunga vioo kwa karatasi nyeusi ili mwanga usiingie, tukaiweka nyuzi 13. Chupa za kizibo hulala ubavu, za kifuniko cha kuzungusha husimama. Stima ikipotea, ambalo si jambo geni hapa, hatufungui mlango. Ndani kuna chupa nne za maji yaliyoganda, zinazopokezana na friza, na zimetuvusha saa tano bila kipimo kupita 16.

Kuhusu kusafirisha chupa, nilisaidiwa na jirani yangu anayeuza samaki. Ni Mwislamu, hagusi pombe, wala sikumwomba aiguse. Nilimuuliza habari za baridi tu, na juu ya baridi hapa Malindi sijaona wa kumfikia. Alinishauri makasha ya foamu yale ya samaki, mapya, na gari liondoke Mombasa saa tisa usiku ili lifike kabla jua halijapanda. Ndiye aliyenieleza pia kwamba barafu peke yake hugusa chupa mahali pachache, bali barafu iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu huizunguka yote. Nilijaribu mbele yake: chupa ya nyuzi 27 ilifika 9 kwa dakika kama ishirini. Ukiongeza konzi ya chumvi ni upesi zaidi. Sijatia tena chupa kwenye friza.

Mezani, Riesling ihudumiwe kwenye nyuzi 8 mpaka 10, na kwa joto letu mimina kidogo kidogo, maana glasi iliyojazwa huwa vuguvugu kabla mgeni hajaifikia nusu. Yenye utamu nampendekezea anayekula kamba wa nazi au samaki wa kupaka wenye pilipili, kwa kuwa pombe nyingi huchochea pilipili na hii ina pombe kidogo. Mkavu ni wa samaki wa kuchoma na ndimu. Na agizo letu sasa ni makasha mawili kwa mwezi, si kumi kwa msimu. Muuzaji wa Mombasa alilalamika kidogo kuhusu usafiri, tukaelewana.

Makato yangu yaliisha Agosti 2025. Mwezi huohuo nilinunua chupa moja kwa pesa yangu, mavuno ya 2023, nikaibeba mpaka Ganda ndani ya kasha la foamu. Baba alimimina kidogo kwenye kikombe chake cha bati, akanusa kwa muda mrefu kama anavyonusa kibuyu, kisha akanywa.

"Imegemwa lini hii?"

Nikahesabu. Oktoba ile mpaka Agosti hii, mwaka mmoja na miezi kumi.

Akanitazama, akatazama kikombe. Akanywa tena, mdogo mdogo, mpaka kikaisha. Kisha akachukua chupa, akaifunga kifuniko mwenyewe, akanirudishia mikononi.

"Irudishe kwenye baridi," akasema. "Jua linapanda."